Shajara ya bustani yetu Sahare: koa na konokono bila sumu

Februari, joto la kaskazi bado lipo

Naanza kuandika sasa hivi kabla mvua haijaingia maana kazi ya konokono inaanzia kiangazi, ukingoja mpaka masika umeshachelewa. Bustani iko nyuma ya nyumba hapa Sahare, Tanga, si kubwa, ina matuta ya mchicha, chainizi, matembele, nyanya chungu na bamia kidogo, halafu kuna miche ya mipapai ambayo mi na wifi yangu tunaotesha kwenye viriba na kuuza. Masika ndo msimu wetu mzuri kwa sababu mvua inatumwagilia bure, na masika hiyohiyo ndo wanatoka. Mchicha unauacha jioni umechipua vizuri, asubuhi unakuta vijiti vitupu, pengine hata vijiti hamna, ute tu unang'aa juu ya udongo.

Tulichokubaliana mwaka huu ni kupita masika yote na vuli yote bila sumu, na bila kuua kiumbe kingine chochote kinachoishi humu, iwe chura, mjusi, ndege au bata wa jirani. Nitakuwa naandika tunachofanya na kinacholeta matokeo.

Kazi ya kwanza ni kuwatafuta waliolala. Konokono wakubwa wa huku pwani jua likiwa kali hawafi, wanajivuta ndani ya ganda, wanaziba mdomo kwa utando mkavu kisha wanasubiri mvua, hata ikichukua miezi. Nyuma ya tanki la maji tuna ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, nilipoanza kuchungulia kwenye nyufa nikakuta wamebanana humo wakubwa kwa wadogo, wengine wako chini ya mabati yaliyolala toka tulipoezeka upya, wengine kwenye rundo la makumbi. Wakiwa wamelala hivyo kuwatoa ni rahisi sana, wala hawakimbii popote, na kila mkubwa unayemtoa sasa ni mayai ambayo hayatatagwa mwezi wa nne, maana huyu ana jinsia zote mbili mwilini, wakishapandana wote wawili wanaweza kubeba mimba, na mtago mmoja unaweza kuwa na mayai mia na zaidi.

Kuwamaliza haiwezekani na wala si lengo. Huku ni kwao. Udongo wa pwani una chokaa tele kwa sababu ya mawe haya ya matumbawe na konokono anahitaji chokaa kujengea ganda. Huyu mkubwa asili yake ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, ni watu ndo wamembeba wakampeleka India, visiwa vya Pasifiki, Brazili mpaka Marekani. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami na konokono watatu aliowatoa Hawaii, wakaachiwa bustanini, baada ya miaka 7 wakaokotwa zaidi ya 18,000 na jimbo la Florida likatumia kama dola milioni moja kuwatokomeza. Watatu tu jamani. Huku wameishi miaka na miaka na bado tunalima, na mi naamini sababu kubwa ni kwamba huku wana wanaowala. Ndo maana nataka wanaowala wabaki.

Machi, mvua za kwanza

Imenyesha usiku na asubuhi udongo umelowa mpaka chini. Tumesia mchicha na chainizi, papai ziko kwenye viriba.

Kabla ya kufanya chochote nilitaka kujua nani anakula nini, kwa hiyo nikawa natoka na tochi kuanzia saa tatu usiku. Nawashauri wote wenye bustani wafanye hivi maana mchana unaweza kumlaumu asiyehusika. Yule konokono mkubwa kabisa, wa kujaa kiganja, mara nyingi nilimkuta chini ya mgomba anakula majani yaliyooza na maganda tuliyotupa. Wachanga wake ndo wako juu ya miche ya papai, wanapenda kitu kichanga na laini. Ila mharibifu namba moja kwenye mchicha ni koa, yule bapa asiye na ganda, mweusi mweusi mwenye mstari mwembamba wa rangi ya mchanga katikati ya mgongo. Mchana humwoni kabisa. Usiku unamkuta amejinyoosha kwenye shina la mche, na ukitulia karibu na tochi umeifunika kidogo kwa vidole unaona jani linapungua taratibu kuanzia pembeni, maana ulimi wake una meno madogo madogo maelfu, anakwangua hakati, ndo maana tundu lake lina kingo zilizochanikachanika tofauti na la panzi.

Kingine cha kujua ni kwamba si kila konokono anakula mboga. Wako wadogo sana, ganda lao kama punje ya mchele hivi, wanaokula konokono wenzao na mayai yao. Misitu ya Usambara Mashariki kule Amani ina aina nyingi za hawa na huku chini pia wapo. Kwa hiyo nimewaambia watoto wa wifi, vile vidogo vyenye ganda refu tunaviacha, tunachukua koa bapa na wachanga wa yule mkubwa tu.

Mwisho wa Machi, habari ya punje za bluu

Tuta moja la mchicha limeliwa lote. Wifi akaenda mjini akarudi na punje za bluu kwenye mfuko mdogo wa plastiki, kapimiwa duka moja la pembejeo, hakuna lebo, hakuna jina la dawa, hakuna maelezo, kaambiwa tu mwaga kuzunguka tuta.

Nikamwambia wifi yangu hii tukiimwaga hapa bata wa mzee jirani watakula. Akasema sasa wifi tufanyeje, mboga inaisha tunaiangalia? Na ana haki, ile ni hela yake. Tukakaa tukaongea vizuri na nikamweleza ninachokijua.

Punje za namna hiyo kwa kawaida ni metaldihaidi iliyochanganywa na pumba ya nafaka ili koa avutiwe. Koa akila anatoa ute mwingi mpaka anakaukiwa. Tatizo ni kwamba ile pumba haimvutii koa peke yake, mbwa anaila anaanza kutetemeka na degedege na anaweza kufa, paka hivyohivyo, kuku, bata na ndege wa porini pia, na kalunguyeye akila punje zenyewe au koa wengi waliokula sumu naye yuko hatarini. Uingereza wamepiga marufuku kuitumia nje toka mwaka 2022 kwa sababu ya ndege na wanyama. Sasa kama wao wenye sheria na lebo na mafunzo wameona haidhibitiki, sisi tuliopimiwa kwenye mfuko usio na jina tutaidhibiti vipi na watoto wanacheza humuhumu? Isitoshe ukishaua chura na mjusi na bata, koa watarudi na mvua inayofuata na hapo hakuna wa kuwala, utanunua punje kila wiki.

Ipo dawa nyingine ya punje inayotengenezwa kwa fosfeti ya chuma, hiyo koa akila anaacha kula, anajificha chini anafia huko, na kwa wanyama wengine haina madhara makubwa kama ile ya kwanza ikitumika kwa kipimo. Ukiipata yenye lebo kamili na imesajiliwa nchini sitakulaumu. Sisi tumeamua kwenda bila hiyo kwanza. Wifi kairudisha ile ya bluu dukani.

Chumvi pia tumeikataa. Ndiyo inaua koa palepale, ila chumvi inabaki kwenye udongo na mboga inaungua mizizi, na maji ya kisima chetu tayari yana chumvichumvi, hatuna haja ya kuongeza.

Na maganda ya mayai, hili kila mtu analisema hapa mtaani. Royal Horticultural Society, chama cha wakulima wa bustani cha Uingereza, walijaribu kwenye letusi, wakaweka maganda ya mayai, utepe wa shaba, kokoto, magome ya misonobari na vipande vya sufu ya kondoo, matokeo wakayatoa 2018, zilizozungushiwa hivyo vitu ziliharibiwa sawasawa na zisizozungushiwa chochote. Maganda ni mazuri, yapeleke kwenye mboji, ila usiyategemee kumzuia koa.

Aprili, masika yenyewe

Mvua inapiga siku nzima. Kusi limeanza na baridi kidogo usiku, koa wanatoka hata saa kumi jioni.

Kitu kilichobadilisha hali kuliko vyote mpaka sasa ni kichanja. Miche yote midogo tumeitoa chini. Fundi wa mtaani ametugongea meza ya mirunda yenye miguu minne, urefu wa kiunoni, juu tumepanga viriba na trei za mchicha na chainizi. Swali lilikuwa miguu. Watu wengi wanasimamisha miguu kwenye makopo ya maji, inafanya kazi, ila hapa pwani maji yaliyosimama ni mbu, na mbu wa dengi anataga hata kwenye kizibo, kwa hiyo kama unatumia maji yamwage na kusugua kopo angalau mara mbili kwa wiki. Sisi tumeweka majivu makavu. Majivu ya jiko la kuni koa hawezi kuyavuka yakiwa makavu, yananasa kwenye ute, lakini yakilowa tu ni uji, anapita. Ndo tatizo la wanaomwaga majivu kwenye matuta masika. Kwa hiyo tumechukua chupa za plastiki za maji za lita kubwa, tumekata kitako na shingo, tumevisha kila mguu juu ya kopo kama mwavuli na kufunga kwa kamba ya katani, mvua inateremkia nje na majivu yanabaki makavu ndani. Angalia tu jani lolote la mgomba lisiguse meza, likigusa hilo ni daraja. Mche unashuka ardhini ukishakuwa na shina gumu na majani ya kutosha, hapo ukiliwa jani moja haufi.

Mitego nayo inafanya kazi. Tunafunika vifuu vya nazi juu ya udongo kando ya matuta, na vipande vya gunia vilivyolowa, na maganda ya papai yakiangalia chini. Koa anatafuta pa kujificha alfajiri, anaingia humo. Asubuhi mapema kabla jua halijapanda unafunua unaokota. Wenzetu wengine wanatumia bia, kwetu nyumbani bia haiingii, na wala haihitajiki kwa sababu kinachomvuta ni harufu ya chachu, tunakoroga hamira, sukari kidogo na unga wa ngano kwenye maji ya uvuguvugu, ikiumuka tunaweka kwenye kopo lililofukiwa. Mdomo wa kopo uache juu ya udongo kama sentimita 2 usiulinganishe na ardhi, koa anapanda bila shida lakini mende wa ardhini wanaotusaidia kula mayai hawatumbukii. Na paweke kibati juu mvua isijaze.

Glovu ni lazima, au mfuko wa plastiki mkononi. Konokono na koa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo mtu akiimeza kwa mboga mbichi isiyooshwa inaweza kumletea homa ya uti wa mgongo. Osha mikono, osha mboga jani kwa jani, kachumbari ndo kabisa usifanye haraka. Tunaowaokota tunawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kuwafukia chini mbali na kisima, wale wachanga wanaenda kwa bata.

Aprili hiyohiyo, nimeona kitu

Hii lazima niiandike. Usiku mvua imekata, nimepita na tochi karibu na rundo la mboji nikaona taa ndogo ya kijani iko chini ardhini haipepesi. Nikainama. Ni buu la kimulimuli, bapa, jeusi, pingili zake zimepangana vigaevigae, mwanga uko mkiani, na kichwa chake chembamba amekiingiza ndani ya ganda la konokono mchanga. Konokono hakuwa anatembea tena. Buu hili humng'ata konokono akalegea, kisha humiminia maji ya kumyeyusha akawa anamnywa. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, muda wote anatoa kichwa, anakifuta, anarudisha.

Sasa fikiria, watu wote tunawajua vimulimuli wanaoruka, watoto wanawafukuza, lakini maisha yake mengi anakuwa buu ardhini na chakula chake ni konokono na koa. Ukimwaga sumu ya wadudu kwenye udongo unaua huyu. Ukiwasha taa kali ya nje usiku kucha hata wakubwa hawaonani wakazaana. Tumebadilisha, taa ya uani sasa inazimwa tukishafunga milango, na ule upande wa mboji tumeacha majani yaliyooza hatufagii.

Mei, kenge na bata

Kumekuwa na ubishi nyumbani. Kenge ameonekana ukutani na wifi anataka vijana wamuue kwa sababu ya mayai ya kuku. Ni kweli kenge anaiba mayai, sipingi. Lakini kenge pia ni mmoja wa wachache wanaoweza kumvunja yule konokono mkubwa mwenye ganda gumu akamla. Nikamwomba mzee jirani aje aongee maana wifi mimi alishanichoka. Kuja, tukamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba wanangu, akazunguka akaangalia banda la kuku, akasema kenge hana kosa, kosa la banda, matundu haya hata paka anapita. Basi tumeziba kwa wavu na mbao chini, kuku wanataga ndani, na kenge kaachwa apite zake.

Mzee ndo huyo mwenye bata. Ametuambia zamani alipokuwa anaishi kambi ya mkonge kalunguyeye walikuwa wanaingia mpaka uani usiku kutafuta wadudu, na hakuna aliyewafukuza. Tumekubaliana bata wake waje kwetu. Bata anakula koa na wachanga wa konokono kwa bidii kweli, ila anakula na chainizi, na miguu yake inakandamiza miche, kwa hiyo utaratibu ni huu, wanaingia kwenye tuta tulilokwisha vuna kabla hatujasia upya, na jioni wanazungushwa pembezoni nje ya wavu. Mayai wanayotaga huku tunampelekea mwenyewe.

Mtu mmoja alishauri tutafute wanyama wa kutoka nje wanaokula konokono. Hapana kabisa. Hawaii mwaka 1955 walileta konokono mla-konokono kutoka Florida ili amle huyu mkubwa wetu, kisiwa cha Moorea huko Pasifiki wakamleta 1977, matokeo yake akawamaliza konokono wadogo wa asili wa visiwa vile ambao hawakuwa na kosa lolote, wengine wametoweka duniani. Na sisi Tanga tuna mfano juu ya kila mnazi, kunguru hawa wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo wanavamia viota vya ndege wetu pwani nzima.

Juni, mvua imepungua

Tulipofika: mchicha tumevuna na kuuza masika yote baada ya kuhamia kichanjani, mapungufu madogo tu. Papai zimeliwa chache, wateja wamechukua karibu zote. Chainizi bado ni shida, hata ikiwa kubwa koa anaipenda na akiingia katikati ya majani humwoni, hiyo naona masika ijayo tuipunguze tuongeze matembele na nyanya chungu ambazo wanazigusa kidogo. Tuta lililo karibu na mchaichai limeliwa kuliko mengine yote, nikafungua shina la mchaichai nikakuta wamejazana humo chini kwenye unyevu, ndo hoteli yao. Mchaichai unahama.

Sasa mvua ikiwa haba tunamwagilia wenyewe na tunamwagilia asubuhi tu, si jioni. Udongo wa juu ukikauka kufikia magharibi koa anashindwa kutembea, anahitaji unyevu ili ute usimwishie. Wifi alizoea jioni kwa sababu ya jua, ila ameona tofauti mwenyewe na sasa ndo anawasimamia watoto.

Agosti, matayarisho ya vuli

Kiangazi ndo wakati wa kutafuta mayai. Ya konokono mkubwa ni meupe yanaelekea manjano, ganda gumu, kama nusu sentimita hivi, yako sentimita chache chini ya udongo laini au chini ya matofali. Ya koa bapa yako tofauti kabisa, laini, yameungana kwa uzi mwembamba kama shanga na yamepakwa uchafu, unaweza kudhani ni kinyesi. Tunayafukua na kuyaanika juani, yanakauka siku ileile. Tunatifua pembezoni tu, rundo la mboji halitifuliwi maana mabuu ya vimulimuli wamo.

Kilichobaki: kuhamishia mchaichai upande wa barabara, kuziba nyufa za chini za ule ukuta lakini zile za juu tunawaachia mijusi, kukata chupa mpya za miguu ya kichanja kwa sababu zile zimepasuka kwa jua, na kutafuta majivu mapema tuyaweke kwenye pipa lenye mfuniko. Tunasia mwishoni mwa Septemba. Mzee atatuletea bata wiki moja kabla, na wifi ameshanunua wavu wa kuzungushia kitalu.